Kabla ya kuhesabu vyumba, uliza maji: Somo la Hanang na Mbulu kwa mzazi anayetafuta nyumba

Manyara. Mzazi anayetafuta nyumba ya kununua huanza na maswali matatu: bei ni kiasi gani, vyumba ni vingapi, umeme umefika? Ni maswali ya maana. Lakini katika wilaya za Hanang na Mbulu mkoani Manyara kuna maswali mawili yanayostahili kutangulia, na yote yanahusu maji.

La kwanza: mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? La pili: maji ya kunywa yanatoka wapi, na yana nini ndani yake?

Jibu la swali la kwanza linaweza kuamua kama familia itaamka salama. Jibu la pili linaweza kuamua hali ya meno na mifupa ya mtoto kwa maisha yake yote. Na majibu hayo hayaonekani kwenye picha anazotuma dalali kwa WhatsApp.

Ukuta ukipasuka hupigwa plasta, bati likitoboka hubadilishwa. Mahali nyumba iliposimama hapabadilishwi. Ndiyo maana kuchagua mtaa au kitongoji ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua nyumba yenyewe.

Katesh, Desemba 3, 2023

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa kunyesha, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kasi hadi kwenye makazi ya watu. Mji mdogo wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ulifunikwa katika baadhi ya maeneo, likiwamo soko. Gendabi na Jorodom ni miongoni mwa maeneo mengine yaliyoathirika. Barabara kuu ya Babati hadi Singida ilifungwa na tope.

Kwa hesabu za Serikali, watu 89 walipoteza maisha na maelfu wakakosa makazi. Shule ziligeuzwa kambi za kupokea familia zilizobaki na nguo za mwilini tu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika Katesh, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari akarudi nyumbani.

Siku za mwanzo uvumi ulienea kuwa mlima umelipuka, kwa sababu Hanang ni mlima wa volkano. Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia, ikateremka ikiwa tope. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwishatangaza kuwa msimu huo ungekuwa na mvua za El Nino.

Kwa mzazi anayetaka kununua nyumba, somo halipo kwenye ukubwa wa tukio tu. Lipo kwenye njia ambayo tope lilipita. Maji hufuata mkondo, na wahenga hawakulisema hilo kwa mzaha. Korongo likikaa kavu miaka 20 halijaacha kuwa korongo, limepumzika tu.

Kwa nini watu hujenga njiani mwa maji

Si kwamba wanaojenga chini ya mlima ni wazembe. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ndio unaolisha watu wanaoishi chini yake. Msitu wake hushika mawingu na kutoa vijito. Udongo wa chini yake una rutuba, unakubali mahindi, ngano, maharage na alizeti. Karibu na hapo kuna soko, barabara ya lami, shule na hospitali. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka kukaa mahali kama hapo.

Lakini udongo huo mzuri ulifikaje pale? Sehemu kubwa ililetwa na maji kutoka juu, kwa karne nyingi. Uwanda laini unaovutia chini ya mlima mkali, hasa pale korongo linapofungukia, mara nyingi umetandazwa na mafuriko ya zamani. Tambarare inayompendeza mnunuzi ndiyo inayoeleza kilichowahi kupita hapo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni bei. Kiwanja kilicho kando ya korongo huwa rahisi kuliko kilicho kwenye mwinuko, na familia changa yenye akiba ndogo huona imepata bahati. Hali ni hiyo hiyo kwenye miji mikubwa. Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam lilijaa nyumba kwa sababu lipo karibu na Kariakoo na maeneo ya kazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na Serikali ikawapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, nje kidogo ya jiji.

Wazee wa nyanda za juu za Mbulu walikuwa na mpangilio wao. Katika Irqwar Da'aw, nchi ya asili ya Wairaqw, nyumba zilikaa juu kwenye migongo ya vilima na miteremko yake, na mabonde ya chini yakaachwa kwa malisho na viazi vitamu. Bonde lilikuwa shamba na mahali pa ng'ombe. Mtu hakulala humo.

Kusoma ardhi kwa macho

Mnunuzi hahitaji shahada ya jiolojia kuona dalili za hatari. Anahitaji viatu vya kutembelea na nusu siku ya kuzunguka. Haya ni ya kuangalia:

Mawe makubwa yaliyotawanyika uwanjani. Jiwe lenye ukubwa wa ng'ombe lililokaa peke yake kwenye tambarare halikuota pale. Lililetwa, na lililolileta linaweza kurudi.

Shimo la choo au la msingi. Kama jirani anachimba, mnunuzi aombe kuchungulia. Tabaka za changarawe, mawe na udongo zilizopangana kama keki zinaonyesha kuwa maji yamepita hapo zaidi ya mara moja.

Miti iliyopinda kwenye shina, nguzo zilizoinama na nyufa za ardhi kwenye mteremko. Hizo ni alama kwamba udongo unatembea polepole.

Mistari ya tope kwenye kuta za majirani. Rangi mpya ya nyumba inayouzwa inaweza kuficha mstari huo, lakini ukuta wa stoo au choo cha nyuma huwa unausema.

Hali ya juu ya kiwanja. Msitu ukiwa mzima, mvua hupungua nguvu kabla ya kufika chini. Kama juu kumefyekwa na kulimwa bila makinga maji, tope lote litatafuta njia ya kushuka.

Baada ya macho, yafuate masikio. Muuzaji anataka kuuza, kwa hiyo si yeye wa kuulizwa kwanza. Aulizwe mzee au bibi aliyeishi hapo miaka mingi, baada ya salamu na mazungumzo ya kutosha: "Mzee, mvua ile kubwa kuliko zote unazokumbuka, maji yalipita wapi?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa kidole. Ukiuliza kama eneo ni salama, utajibiwa kwa adabu tu.

Jina la mahali nalo husaidia. Sehemu inayoitwa Bondeni, Mkondoni au Majengo ya Mtoni ilipewa jina hilo na watu walioona kitu. Kama jina ni la Kiiraqw au Kidatoga, mnunuzi mgeni aulize maana yake.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hizo ni takriban hatua 80 za mtu mzima. Mnunuzi anaweza kuzipima mwenyewe kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaruhusu ardhi ya kandokando ya mito, ardhi oevu na miteremko mikali kutangazwa kuwa ardhi hatarishi.

Ikumbukwe kuwa mita 60 ni kiwango cha chini. Tope la Desemba 2023 halikusimama kwenye kingo za makorongo. Chini ya mlima, mita 60 ni mahali pa kuanzia kupima.

Kuhusu karatasi, mambo ni mawili. Ndani ya mji, mnunuzi aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kama kiwanja kimepimwa, kipo kwenye ramani ya mipango miji, na kimepangwa kwa matumizi gani. Kama kina hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kijijini, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hivyo makubaliano ya watu wawili na shahidi mmoja hayatoshi. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji unathibitisha kuwa mwenyekiti anajua mauziano. Hauthibitishi kuwa mahali ni salama, wala si hati.

Jambo jingine linalosahaulika: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mnunuzi aonane na mume na mke. Mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayejua maji huingilia mlango gani, kwa sababu ndiye anayeyafagia.

Maji ya kunywa na meno ya mtoto

Hatari ya pili haina kishindo. Haibomoi ukuta, haitangazwi redioni, na mtu mzima anayehamia mtaani anaweza kuishi miaka kadhaa bila kuiona. Inaitwa floraidi.

Floraidi ni madini yanayopatikana kwa asili kwenye miamba, hasa ya volkano. Ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha hadi Manyara na Singida, una maeneo mengi ambayo maji ya ardhini yamebeba madini hayo kupita kiasi, na Hanang na Mbulu zimo kwenye ukanda huo. Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi, linaonyesha wazi jinsi ardhi ya huku inavyoyapa maji madini.

Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Kwa hiyo kisima kilichopimwa zamani na kuonekana "kiko sawa" huenda kilipitishwa kwa kipimo cha zamani. Mnunuzi aulize kilipimwa lini na kilisoma ngapi.

Kinachopaswa kumgusa mzazi ni hiki: meno ya kudumu ya mtoto hujijenga ndani ya ufizi tangu akiwa mchanga hadi anapokaribia miaka minane. Floraidi nyingi ikiingia mwilini katika miaka hiyo, meno huota yakiwa na madoa meupe kama chaki, na kwa walioathirika zaidi huwa ya kahawia na kumeguka. Mswaki hauondoi madoa hayo, kwa sababu si uchafu.

Meno ya baba na mama waliokulia kwingine hayatabadilika kwa kuhamia hapo. Wao ndio wanaochagua nyumba, wanayaonja maji na kuyaona matamu. Anayelipa gharama ni mtoto wa miaka miwili, na dalili zitaonekana atakapoota meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba. Wakati huo hakuna la kurudisha nyuma. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hushambulia hata mifupa na viungo, na watoto wanaweza kupata ulemavu wa miguu.

Mambo manne ambayo mzazi anapaswa kuyajua:

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima kuendelee. Lakini maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi hubaki, hivyo kiasi chake kwa lita huongezeka.

Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Kusema "maji ya Katesh ni mazuri" au "maji ya Mbulu ni mabaya" hakuna maana. Kinachopimwa ni chanzo kimoja kimoja.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Nyumba yenye bati zuri, mifereji ya paa na simtanki ina thamani ambayo bei ya dalali haihesabu. Hata kama maji ya tanki hayatoshi kufulia na kuoga, yakitengwa kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo yanaweza kuokoa meno yao.

Magadi nayo huchangia. Familia nyingi za kanda ya kaskazini huweka magadi kwenye maharage na makande ili yaive haraka. Magadi hubeba floraidi pia. Penye maji yenye floraidi nyingi, ni busara kuyaacha kwenye chakula cha watoto.

Kuhusu kupima, mahali pa kuanzia ni ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kwa upande wa vijiji, au mamlaka ya maji ya eneo husika kwa upande wa mji. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji zinazopokea sampuli. Ikiwa chanzo kina floraidi nyingi na hakuna kingine, zipo njia za kuchuja. Mojawapo, ya kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha.

Kipimo kisicho rasmi kipo pia. Mnunuzi asimame karibu na shule ya msingi ya mtaani wakati wa mapumziko. Watoto wa darasa la tatu na la nne waliozaliwa hapo wakicheka, majibu ya kisima yataanza kuonekana.

Jirani wa juu na njia ya hospitali

Kwenye ardhi ya miteremko kama ya Mbulu, jirani muhimu ni yule wa juu. Choo chake, zizi lake na mfereji wake vyote huelekea chini. Kama nyumba ina kisima, choo kinapaswa kuwa umbali wa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima hicho, na kiwe upande wa chini. Mara nyingi choo cha mwenye nyumba kimekaa vizuri, lakini cha jirani kipo juu ya kisima. Kuharisha kwa watoto kila mvua zinapoanza huwa na chanzo cha namna hiyo.

Halafu kuna njia. Mnunuzi aulize mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane mwezi Aprili, gari litapita wapi. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, inahudumia watu wanaotoka mbali ndani na nje ya Mbulu, lakini ubora wa hospitali haumsaidii mgonjwa aliyekwama ng'ambo ya korongo. Kabla ya Daraja la Magara kujengwa, mvua kubwa iliweza kukata mawasiliano kati ya Mbulu na upande wa Babati.

Mtoto wa shule naye apimwe kwa hesabu hiyo. Kilomita mbili za njia kavu ni afadhali kuliko nusu kilomita yenye korongo lisilo na kivuko.

Na kama umeshajenga?

Si kila mzazi anayesoma ukurasa huu ana uwezo wa kuhama. Aliyekwishajenga chini ya mlima au kando ya korongo anaweza kupunguza hatari.

Familia ikubaliane mapema mahali pa kukimbilia, na pawe juu, pembeni ya mkondo. Kukimbia kufuata bonde kuelekea chini ni kushindana na maji, na maji hushinda. Watoto waonyeshwe njia hiyo mchana, wakati hakuna mvua. Hati, kadi za kliniki na vyeti viwekwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Usiku wa mvua kubwa, watoto wasilale kwenye chumba kinachotazama mlima.

Dalili za kuondoka bila kusubiri ni pamoja na muungurumo usio wa radi kutoka juu, kijito kugeuka tope ghafla, au kijito kupungua maji wakati mvua inaendelea. Hiyo ya mwisho hudanganya wengi. Maana yake huenda kuna kitu kimeziba huko juu, na kitaachia.

Mtaani, ajenda moja inaweza kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa: mikondo ya maji iachwe wazi. Anayejaza taka na kifusi kwenye korongo anaelekeza maji kwenye nyumba ya mwenzake.

Serikali, ikisaidiana na wadau likiwamo Shirika la Msalaba Mwekundu Tanzania, ilijenga zaidi ya nyumba 100 kwa ajili ya waathirika wa Hanang katika eneo la Waret, Kijiji cha Gidagamowd. Nyumba hizo zilikabidhiwa Desemba 2024. Mwaka mzima ulipita kati ya tope na funguo. Familia inayonunua leo inaweza kufanya uchaguzi wake kabla ya mvua, kwa gharama ya siku chache za kuuliza.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba Katesh, Dongobesh, Haydom au Mbulu mjini asiende kuiona Agosti peke yake, wakati kila korongo ni kavu na kila njia inapitika. Arudi tena Aprili, mvua ikinyesha, akiwa na mwenza wake na chupa tupu ya kuchukulia sampuli ya maji. Nyumba ikimpendeza siku hiyo pia, hapo ndipo waanze kuzungumza bei.